Dalali ninayemlipa mimi anamwambia mteja "huyu kabanwa, kandamiza bei"!

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi.

Yule dalali wa Kisasa, hapa Dodoma, mnamjua. Yule wa simu tatu, ambaye kila nyumba kuanzia Ilazo mpaka Iyumbu "iko mkononi mwake". Leo mbele ya geti LANGU, la nyumba ninayouza, kamwambia mteja: "Huyu kabanwa, wewe kandamiza bei tu, atalegea." Nami nimesimama hapo hapo na funguo mkononi! Wala hakunong'ona. Mpaka Mlimwa wamesikia.

Kabanwa na nani? Hati ipo, ya miaka 99. Kodi ya pango la ardhi imelipwa. Ridhaa ya mke imeshasainiwa. Vyumba vitatu, kimoja masta, fensi, simtanki la lita 5,000. Mtu aliyebanwa ana makaratasi hayo?

Ukiuza mwenyewe unachoshwa na watu wa "bei ya mwisho ngapi" kabla hawajauliza hata mtaa, na madalali wanaojifanya wanunuzi ili wapige picha. Sawa. Lakini hakuna anayekuja getini kwako kukutangazia njaa halafu umlipe asilimia 5. KABANWA! Mbele yangu!

Mwana_Nzuguni: Huyo huyo! Nimemjua kwa hizo simu tatu.

Fundi Ramani: Mkuu acha kulia, piga hesabu. Umeweka milioni 85? Asilimia 5 ni 4,250,000. Ikishuka mpaka 78, yeye anapata 3,900,000. Kapoteza laki tatu na nusu, wewe umepoteza milioni saba kasoro hiyo laki tatu na nusu. Kwake bora iuzwe wiki hii. Mpe asilimia 3 mpaka milioni 78, na asilimia 15 ya kila kinachozidi hapo. Kwa 85 atapata 3,390,000, kwa 78 atapata 2,340,000. Uone kama atamwambia tena mtu akandamize.

Mleta uzi: Sijauliza hesabu. Kasema NIMEBANWA. Kwa sauti!

Kikuyu Kusini: Wewe umetukanwa tu, wenzako wanawekewa cha juu. Mwenye nyumba anataka 60, dalali anatangaza 72, mteja anaambiwa asitaje bei mbele ya mwenye mali. Siku ya kuandikishana kwa wakili ndipo 12 inaonekana, mteja anadhani mwenye nyumba ndiye tapeli, biashara inakufa. Mkataba na dalali uandikwe: bei, asilimia, muda usiozidi siku 90, cha juu marufuku, na malipo yote yaingie akaunti ya muuzaji. Hati halisi asiishike kamwe, mpe nakala.

Fundi Ramani: Na mteja mwenyewe akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata shilingi. Nakala haimwambii kama kuna rehani ya benki.

Mama Saruji: Nyie mnagombania asilimia 5, TRA hamjawafikiria? Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 10 kwa mkazi, ila gharama uzithibitishe: risiti za saruji, nondo, mabati, kibali cha ujenzi. Huna? Tangu 2023 wanakata asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyopitishwa, ile iliyo kubwa. Kwa 85 ni 2,550,000. Wanaoandika bei ndogo kwenye mkataba wanajisumbua, uthamini wa serikali upo. Na mnunuzi naye ana asilimia 1 ya ushuru wa stempu.

Mleta uzi: Risiti ninazo zote. Ndiyo nashangaa, mtu mwenye risiti zote anaitwa kabanwa.

Mkonze Juu: Mna bahati ya kuwa na hati. Huku kwenye viwanja visivyopimwa ofisi ya mtaa inataka asilimia 10 ndiyo igonge muhuri. Asilimia kumi ya nini? Wamepima wao? Na muhuri huo hauzuii kiwanja kuuzwa mara mbili.

Mwana_Nzuguni: Mara mbili? Vingine vinauzwa mara nne, na mashahidi ni wale wale.

Kikuyu Kusini: Dawa ni majirani wa pande zote nne wasaini, na mipaka ipimwe kwa futi wakiwepo.

Chuo Mwaka wa Pili: Afadhali nyie mna nyumba. Sisi wa UDOM tunalipa elfu kumi kupelekwa kuona chumba ambacho kina mtu ndani! Ukikipata unatoa kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Hiyo hela ya kupelekwa ingepigwa marufuku kabisa.

Mama Saruji: Mwanangu, usitoe kabla mwenye nyumba hajapigiwa simu mbele yako.

Mkonze Juu: Na uulize maji yanatoka siku zipi, usidanganywe na simtanki.

Chuo Mwaka wa Pili: Asante mama. Kuna anayejua chumba Makulu, LUKU ya kujitegemea, bila dalali?