Elimu ya fedha kwa vijana wa vibarua na bodaboda: nianzie wapi?

Mwl_Uyole
Salaam wakuu. Hapa Uyole, Mbeya, tuna vijana kama 20, umri 18 hadi 24. Wengi ni vibarua wa mashamba ya viazi, wengine bodaboda, wawili wanauza mboga soko la Mwanjelwa. Mwongozo niliopewa unaanza na bajeti ya mwezi, na hakuna hata mmoja mwenye mshahara wa mwezi. Vikao ni vinane. Nitangulize nini, niache nini?

Binti_Isyesye
Mwalimu, hiyo bajeti ya mwezi iache, pamoja na masomo ya soko la hisa kama yamo.

Kikao cha kwanza chora miezi 12 kwenye karatasi kubwa. Kila kijana aweke punje za mahindi kwenye mwezi hela inapoingia, maharage inapotoka. Vibarua vitaonekana wakati wa kupanda, palizi na kuvuna. Januari ni sare na madaftari ya wadogo zao. Februari na Machi mahindi ya ndani yamekwisha na mapya hayajakomaa. Wataona wenyewe kwamba hela ipo, ila haiji mwezi inapohitajika. Tafadhali usiwaambie wana matumizi mabaya, si kweli na hawatarudi.

Wa bodaboda wafanye hesabu ya siku. Mfano: kaingiza 25,000, petroli 8,000, hesabu ya tajiri (mwenye pikipiki) 10,000, imebaki 7,000. Humo atenge kama 1,500 ya oili, tairi na breki. Asipotenga, siku tairi likiisha anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya haraka ya riba kubwa.

Mhasibu_Ipogolo
Hiyo kausha damu ipe vikao viwili. Kuwaonya tu hakusaidii, wakokotoe wenyewe. Mkopo 100,000, riba "asilimia 20 tu", ada ya fomu 5,000 inakatwa palepale. Anapokea 95,000, anarejesha 30,000 kila wiki kwa wiki 4, jumla 120,000. Sasa angalia: kila wiki anapunguza 25,000 ya msingi, kwa hiyo deni linakwenda 100,000, 75,000, 50,000, 25,000. Wastani wa hela aliyokaa nayo ni 62,500. Riba ya 20,000 juu ya hiyo ni asilimia 32 kwa mwezi, na fomu hatujaigusa!

Kabla ya kusaini aulize: napokea ngapi mkononi, narudisha jumla ngapi, nikichelewa siku moja faini ngapi. Pia aone leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo.

Mama_Makambako
Wakiwa bado wanasoma, waanze kuweka akiba kama kikundi na kukopeshana humo humo. Hisa, yaani kipande cha akiba, iwe 1,000, kila mtu moja hadi tano kwa kikao. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio viongozi, na hela zihesabiwe mbele ya wote. Vikundi vya vijana huvunjika kwa sababu hisa imewekwa kubwa kuliko kibarua cha wiki, au mikopo imetolewa hadi siku za mwisho. Simamisheni mikopo wiki nne kabla ya mgawo, siku ya kugawana akiba. Na mgawo uwe mwanzoni mwa Januari, ukiwa kabla ya Krismasi sikukuu inaumeza wote.

Mwl_Uyole
Asanteni sana. Na ule mkopo wa vijana wa halmashauri?

Mama_Makambako
Ni mzuri, hauna riba. Lakini usiutaje mwanzoni, mwalimu. Kikundi kilichokusanyika kwa ajili ya mkopo husambaa hela ikishagawanywa. Wamalize mzunguko mmoja kwa hela zao, ndipo muwaone watu wa maendeleo ya jamii wa kata.