Naomba ushauri: historia ya bunduki kwenye stori yangu ya Mass Effect
Wakuu, naandika stori ya kishabiki ya Mass Effect, ile gemu ya vita vya anga za juu, nimekwama. Kwenye gemu ya kwanza (2007) bunduki ikipata moto unaiacha inapoa yenyewe, ila ya pili (2010) ghafla kila mtu anachomoa vidude vya kunyonya joto kama magazini, na ndani ya stori imepita miaka miwili tu, 2183 hadi 2185! Gemu inasema eti walioanza ni geth (jamii ya maroboti), wengine wakaiga, basi. Mi naona utamu uko hapohapo, askari wa zamani lazima waligoma, manake vidude vikiisha katikati ya vita umekwisha. Sasa nisimulie kupitia fundi wa silaha au nitumie barua za wanajeshi? Na nikibuni bunduki ya mpito inayofanya yote mawili, mtanirukia?