Tupeane uzoefu: waliotembea au kuendesha baiskeli kandokando ya reli, tokea ziwani

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, na uzi huu nauanzisha kwa ajili ya ile njia ya vumbi inayoandamana na reli kutoka Mkuyuni kuelekea Fela. Reli ilifika hapa mwaka 1928 ikitokea Tabora. Ikasomba pamba ya Usukumani, na baadaye mabehewa yakawa yanaingizwa mazima ndani ya meli ya MV Umoja, yanavuka ziwa hadi Kisumu na Port Bell. Njia ya pembeni hakuna aliyeijenga, imechongwa na miguu ya watu.

Raha yake ni usawa. Treni haiwezi kupanda kilima cha ghafla, kwa hiyo wajenzi walichimba miinuko na kujaza mabonde kwa tuta. Mwenye baiskeli ya Phoenix isiyo na gia na gunia kwenye keria anajua ninachosema.

Adha yake ni mbigili. Kila punje ikianguka, lazima mwiba mmoja uelekee juu. Ukipata pancha, usibandike kiraka ukaondoka. Pitisha kidole taratibu ndani ya tairi zima, kwa sababu mara nyingi kuna ncha nyingine imevunjikia humo, na hiyo ndiyo itakayotoboa tena tyubu hatua chache mbele.

Na tuelewane: treni bado zinapita. Nazungumzia njia ya pembeni, si kutembea juu ya mataruma.

Leteni yenu.

Mdau, Misungwi
Mkuu, mimi nimesoma shule kwa njia hiyo. Kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kikisikika tu, wote tunashuka tutani na madaftari kichwani. Masika ndipo ilipotufaa zaidi, kwa sababu udongo wa mbuga ukilowa unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Baba alikuwa anatembea na kijiti cha kuukwangua. Ukifika tutani, kokoto zimemwagika pembeni, pakavu, unapanda baiskeli unaendelea.

Mdau, Kisumu
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwetu reli ilifika 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Lakini niliyoitembea mimi ni ile ya kwenda Butere, kama kilomita 69, inayopita Kisian, Luanda na Yala. Miaka ambayo treni haikupita, nyasi zilifunika chuma na akina mama wakaigeuza njia ya sokoni. Ukipanda kuelekea Maseno unavuka ikweta kwa miguu, na ziwa liko nyuma yako huko chini. Beba maji, jua la pale halina huruma.

Mdau, ughaibuni
Niko Ireland kwa sasa. Huku kuna reli iliyokufa wakaifanya njia ya miguu na baiskeli, Waterford Greenway. Nilianzia Dungarvan, ufukweni, nikamalizia Waterford mjini, kilomita 46. Treni za abiria ziliacha kupita mwaka 1967, njia ikafunguliwa 2017. Kilichonigusa ni kwamba hawakubomoa kitu: unapita juu ya daraja lenye matao manane pale Kilmacthomas, na handaki la Ballyvoyle la karibu mita 400, baridi, maji yanadondoka kwenye kuta. Wazee, watoto, wenye viti vya magurudumu, wote wamo, kwa sababu hakuna mlima.

Mwanzisha uzi
Shukrani sana wakuu. Hili la viti vya magurudumu sikuwa nimelifikiria kabisa. Kwetu reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, inajengwa, na reli ile inazungushiwa uzio. Ndiyo maana nataka tuseme mapema wapi watu hukatisha kwa miguu na wapi kwa baiskeli, ili vivuko viwekwe palipo na njia za watu. Mdau wa Misungwi, kama mkienda shule mlikuwa mnapita kwenye kalvati, lile tundu la maji chini ya tuta, baiskeli yenye mzigo inapenya, au mnashusha kwanza?