Leaflet au MapLibre kwa ramani ya mifongo ya Kibosho? Naomba ushauri wadau

Kijana_wa_Kibosho

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, kikundi chetu cha watumia maji huku Kibosho tumeanza kuchora ramani ya mifongo (mifereji ya asili ya Wachagga ya kuleta maji shambani) tangu mwaka jana, tunatembea na wazee kuanzia kwenye banio (pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni) kule juu msituni mpaka mfongo unapoishia kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya chini, simu iko mkononi inarekodi GPS. Mpaka sasa tumepata mifongo 11, baadhi ilishakufa na njia yake wanaijua wazee wawili watatu tu, hao wakiondoka ndo basi tena. Kwa hiyo nina haraka kidogo.

Ramani nimeitengeneza kwa Leaflet 1.9.4 (zana ya kuonyesha ramani kwenye brauza) juu ya vigae, yaani vipande vya picha ya ramani, vya OpenStreetMap, ukigusa mstari inatokea picha ya banio, jina la mfongo na ukoo uliouchimba. Inafanya kazi vizuri ila nikiwaonyesha wazee hawauoni mlima. Wanaona kitu bapa chenye mistari ya bluu. Mzee mmoja kaniuliza "sasa hapa korongo liko wapi?" nikakosa la kumjibu, maana siri yote ya mfongo ni mteremko, unapita ubavuni mwa kilima unashuka taratibu sana mpaka maji yanafika upande ambao mto wenyewe haufiki.

Sasa naona MapLibre, zana nyingine ya aina hiyo, toleo la 5 wameleta dunia ya mviringo, na kuna ile ya milima kusimama ukiinamisha ramani, halafu Leaflet 2.0 nayo iko kwenye majaribio. Nihame au nisubiri? Hiyo milima inasimama vizuri kwa huku kwetu au ni kwa Ulaya tu? Na simu za wanakikundi nyingi ni zile za laki na nusu, mtandao kule juu wa kubahatisha, bando kila mtu anajinunulia mwenyewe. Msaada tafadhali.

---

FundiRamani_AR

Mkuu hongera sana, hiyo kazi ilitakiwa ianze miaka 20 iliyopita.

Leaflet 2 usiisubiri kwa sababu ya milima, haina na wala hawakulenga huko. Walichofanya ni kusafisha ndani, Internet Explorer wameachana nayo, ile L tuliyozoea kuanzia kila mstari imeondoka, unaandika new Map badala ya L.map, na kidole na mausi vyote sasa vinapita njia moja. Ni mabadiliko mazuri lakini plagini (nyongeza) nyingi za zamani zitagoma mpaka waliozitengeneza wazirekebishe, kwa hiyo ramani yako ya sasa iache hapo hapo 1.9.4 usiiguse.

MapLibre ni kitu kingine kabisa. Ilianza baada ya Mapbox kubadili leseni Desemba 2020, watu wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaendelea nalo. Tofauti yake na Leaflet ni kwamba Leaflet kwa kawaida inapanga picha zilizoshachorwa tayari, hii inaletewa data ya vekta (mistari na pointi, siyo picha) halafu simu yenyewe ndo inachora kwa chipu yake ya picha, ndo maana unaweza kuizungusha na kuinamisha. Dunia ya mviringo imeingia toleo la 5 mwanzoni mwa 2025, inapendeza kwa mtu anayeonyesha safari za ndege au hali ya hewa, kwako wewe haina kazi, ukishavuta karibu mpaka kijijini inarudi bapa kama kawaida. Unachokitaka ni terrain, yaani hiyo milima kusimama, na hiyo ipo tangu matoleo ya 2. Unaongeza chanzo cha aina ya raster-dem (vigae vyenye namba za mwinuko), kuna vigae vya mwinuko vya bure vilivyowekwa Amazon vinaitwa Terrain Tiles, havidai akaunti wala kadi ya benki, unaandika encoding kuwa terrarium halafu unaita setTerrain, basi, mlima unasimama. Ongeza na plagini ya maplibre-contour, inachora mistari ya mwinuko hapo hapo kwenye brauza. Kwa mfongo hiyo mistari ni dhahabu, mfongo mzuri utauona unakaribia kwenda sambamba nayo huku unaishuka kidogo kidogo.

Kitu kimoja uwe makini nacho. Leaflet unaanza na latitudo kisha longitudo, MapLibre na GeoJSON (faili la kuhifadhia pointi na mistari) ni kinyume. Kibosho iko kama -3.25 na 37.32, ukizigeuza mifongo yako yote inahamia Hispania ya kusini upande wa Granada. Na ukisahau ile alama ya kutoa inaangukia jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya. Ukifungua ramani ukakuta haina kitu, angalia huko kwanza.

---

sakina_dev

Nakubaliana na Fundi ila kwenye simu za laki na nusu hapo tusidanganyane. Leaflet ikibanwa ni kama kilobaiti 42, MapLibre inapita 200, na hapo hujahesabu data ya ramani, na mlima ukisimama simu dogo inapata moto na chaji inakata. Mimi ningefanya mbili, Leaflet kwa ajili ya kutembea nayo shambani, MapLibre kwa kikao, ile unayoirusha ukutani kwa projekta wazee wote wakaiona kwa pamoja.

Kuhusu bando kuna PMTiles, hiyo ndo imenibadilishia kazi kuliko hayo mengine yote. Ramani nzima inakaa kwenye faili moja, brauza inaomba kile kipande tu inachohitaji, hakuna seva ya ramani ya kuendesha wala kulipia kila mwezi. Protomaps, wenye hiyo PMTiles, wanatoa ramani ya dunia nzima, unakata eneo lako kwa pmtiles extract ukitaja pembe za eneo, kipande cha Moshi na mlima kinatoka kidogo tu, unaweza kukirusha hata kwa bluetuthi. Inasoma kwa MapLibre na kwa Leaflet pia. Ukifika kwenye kikao huko juu washa hotspoti ya kompyuta yako, simu za watu ziunganike, ramani inafunguka bila hata shilingi ya bando. Angalizo, ile seva ndogo inayokuja na Python usiitumie, haijui kutoa kipande cha faili, utakaa unahangaika saa zima ramani haitokei na kosa hulioni. Tumia seva nyingine kama pmtiles serve au Caddy.

Na vigae vya tile.openstreetmap.org usivipakue kwa wingi ukavihifadhi, hawaruhusu, seva zile zinaendeshwa kwa michango. Na jina la OpenStreetMap lazima libaki pembeni ya ramani hata ukiwa bila mtandao.

---

DadaGIS_Moshi

Naomba niseme kuhusu huo mwinuko maana watu wanauamini kupita kiasi. Kwa sehemu zetu data hiyo msingi wake ni SRTM, ilipimwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha Endeavour Februari 2000, siku 11 tu, na kila nukta ni kama mita 30 kwa 30. Makorongo yetu unayajua, mengine ni membamba kuliko hapo, kwa hiyo yanajazwa jazwa yanaonekana kama bonde la kawaida. Halafu rada haipenyi vizuri msitu, kwenye miti mirefu inapima karibu na juu ya miti siyo udongo. Ukisogea kutoka msituni kuja kwenye vihamba unaweza kuona ardhi imeshuka ghafla kumbe ni miti imeisha.

Kwa hiyo kaka yangu itumie kumwonyesha mzee ajue yuko wapi, hapo inafaa sana, lakini usiitumie kuamua mfongo gani umepoteza mteremko au nani anatakiwa apate maji. Na ile exaggeration (kuzidisha urefu wa milima) iache kwenye 1. Watu wanaweka 1.5 au 2 ili mlima upendeze, kwa mtalii sawa, kwa watu wenye mgogoro wa maji unakuwa unawaonyesha mteremko usiokuwepo.

---

Mstaafu_Marangu

Wanangu hamjambo. Mimi hayo ya msimbo siyajui lakini nimechora ramani ya mifongo ya kwetu kwa uMap, tovuti ya kuchorea ramani, kijana wa jirani alinifundisha kwa mchana mmoja, unachora mstari kwa kidole, unaweka rangi, unaandika maelezo, unamtumia mtu linki anafungua. Siku hizi mnaweza hata kuhariri watu kadhaa kwa wakati mmoja. Nasikia ndani yake ni hiyo hiyo Leaflet mnayoisema. Kama kuna kina mama au wazee wanaotaka kuchora wenyewe usiwafungie nje kwa sababu ya milima kusimama.

Jambo lingine. Mwanangu, mabanio usiyaweke wazi kwa kila mtu kabla hujaomba ruhusa kikaoni. Mfongo una mwenyewe, una mwenyekiti wake na zamu zake, na mabanio mengine yako juu huko msitu ulipo chini ya hifadhi. Ukiweka picha na pointi kamili kwenye intaneti umeshasema jambo ambalo ukoo haujakutuma kulisema. Paka rangi mstari wote ukitaka, ila banio na jina la ukoo vibaki kwenye nakala ya kikundi.

---

Kijana_wa_Kibosho

Shikamoo mzee, na aika (asanteni) sana wote. Hilo la mabanio sikuwa nimelifikiria kabisa, nimeshayatoa kwenye linki ya wazi leo asubuhi na nitalipeleka kikaoni.

Nimejaribu mlichosema. Nimekata PMTiles ya Kibosho, terrain nimeiwasha, exaggeration nimeacha 1, juzi jioni nikaiweka kwenye kompyuta nyumbani kwa yule mzee aliyeniuliza korongo. Nikainamisha ramani nikaigeuza mlima ukawa mbele yetu kama anavyouona akikaa barazani kwake. Alikaa kimya, kisha akaweka kidole kwenye skrini akaanza kutaja, hapa kwa fulani, hapa daraja, hapa maji yalikuwa yanagawanywa, akafika sehemu akasema mstari wenu mmekosea, mfongo haukupita chini ya huo mgongo, ulipita juu yake, ilikuwa kabla ya mimi kuzaliwa. Kwenye ramani bapa alikuwa ameutazama mstari huo huo mara tatu hakusema kitu.

Ila sasa kuna sehemu moja, ukifuata mistari ya mwinuko mfongo unaonekana unapanda kama mita 6 kisha unashuka tena. Maji hayawezi kupanda. Ni GPS, ni hiyo rada, au ni sisi tulikosea njia?

---

DadaGIS_Moshi

Hapo njia ni nyembamba, kuna miti na pembeni ni korongo siyo? Mita 6 iko ndani ya makosa ya kawaida ya data hiyo, na GPS ya simu chini ya miti inaweza kukuhamisha mita 10 au zaidi pembeni, kwenye ubavu mkali hizo mita 10 pembeni ni mita kadhaa za juu na chini. Usirekebishe mstari ukiwa umekaa nyumbani. Chukua ule mpira mwembamba wa maji mafundi ujenzi wanaopimia levo, rudini hapo mpime hatua kwa hatua, andika namba kwenye daftari. Huo utakupa jibu la sentimita, GPS ya simu na hiyo rada haviwezi kukupa hilo.

---

Kijana_wa_Kibosho

Ni kweli, kuna miti na korongo liko kushoto. Fundi wa jirani anao mpira wa mita 15, Jumamosi tunapanda na mzee mwenyewe kasema atakuja. Nikirudi naweka namba hapa.