Fundi umekata mgongo wa gitaa langu kwa msumeno, kisa jeki imelegea!

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu nilipolichukua gitaa langu kwa fundi, na bado hazijapoa.

Ninamiliki Epiphone Dot, gitaa la umeme lenye uwazi tumboni, ukoo mmoja na ES-335, gitaa la kampuni ya Gibson. Nati ya jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ililegea, jeki ikawa inazunguka kila nikichomeka waya wa ampu, mwishowe nyaya za ndani zikakatika na jeki ikatumbukia tumboni. Tatizo dogo kabisa. Nikalipeleka kwa fundi mmoja hapa Mwanza mjini, anasifika kwa kutengeneza ampu na spika. Akaliangalia, akasema hilo halina shida kaka, acha elfu ishirini, pitia jioni.

Jioni napokea gitaa, jeki imekaa mahali pake. Naligeuza nyuma: amekata mgongo! Amekata dirisha la mraba kwa msumeno wa umeme, mkono mzima unapita, kingo zimechanika, vanishi imebanduka hadi pembeni. Juu ya tundu hilo amefunga mfuniko mweupe wa plastiki, ule wa kuzibia soketi ukutani, kwa skrubu mbili. Kwenye gitaa jekundu la kung'aa!

Namuuliza kulikoni, ananijibu, "Sasa ningeingiaje ndani? Hili gitaa halina mlango."

Fundi, milango iko miwili na iko usoni! Yale matundu yenye umbo la f. Gibson walitoa ES-335 mwaka 1958, na hadi leo mafundi wanaojua kazi wanaitengeneza kwa kupitia hapo. Unalegeza nyuzi, unaivuta jeki kwa ndoano ya waya mpaka itokeze kwenye tundu la f, unalehemu. Kisha unapitisha mshipi wa nailoni kwenye tundu la jeki, unautokezea kwenye tundu la f, unaufunga kwenye jeki na kuvuta taratibu mpaka ichomoze pake, unakaza nati. Imeisha. Kama ni kile cha kuzungusha volyumu au toni, unachomeka kipande cha mpira wa dripu kwenye shina lake na kuvuta vilevile. Huu ni mji wa wavuvi, mshipi hauwezi kukosekana hapo Mwaloni Kirumba, na mpira wa dripu uko duka la dawa. Kinachotakiwa ni subira. Msumeno wa nini?

Kilichoniuma zaidi ni utetezi wake. Eti "hii ni plaiwudi tu, si mbao ya maana." Hiyo ES-335 yenyewe, inayouzwa mamilioni ya shilingi, uso, mgongo na mbavu zake ni mbao za mepo za tabaka zilizogandishwa pamoja. Ndivyo ilivyobuniwa. Tabaka zinasaidia mbao isipasuke hovyo, na katikati, kuanzia shingoni hadi mkiani, kuna kipande kinene cha mbao, uwazi umebaki kushoto na kulia tu. Kila kitu mle ndani kimepimwa, halafu mtu anaingiza msumeno kwa sababu amekosa ustahimilivu wa nusu saa.

Sasa nikipiga uzi wa tano bila kubonyeza, ile noti ya A ya 110 Hz, mfuniko unatetemeka mgongoni, zzzzz. Mbao ni nyembamba, skrubu hazina pa kung'ata. Nikiukandamiza kwa tumbo unanyamaza, nikihama kidogo unaanza tena.

Mnaopiga magitaa ya mbao nzima, yale yasiyo na uwazi, huenda mkaona nakuza mambo. Gitaa la namna hii unalifaidi hata bila umeme. Huku Bwiru umeme ukikatika usiku nakaa barazani nalipiga hivyo hivyo, sauti ndogo lakini imeshiba, inatosha kufanyia mazoezi solo nzima ya rumba bila kuwaamsha watoto. Ukilichomeka kwenye ampu, bila mbwembwe za efekti, kila noti inasikika peke yake na bado ina joto. Ndiyo maana nilijinyima ili nilinunue, na ndiyo maana ule mfuniko unaniuma kila nikiuona.

Na nyie mafundi mitambo wa kumbini, msijifiche. Kila harusi ni yale yale: monita, ile spika ya jukwaani ya mpigaji kujisikia, inaelekezwa kifuani kwangu, besi imejazwa, gitaa likianza kupiga mluzi mnanitangazia mbele za watu kuwa gitaa bovu. Si bovu! Sauti ya spika inatikisa boksi la gitaa na nyuzi, pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, inanasa, inarudi kwenye spika kubwa zaidi, inazunguka hivyo hadi inakuwa ukelele. Hata Gibson walipotoa gitaa la jina la Lucille kwa ajili ya mpiga gitaa wa blues B.B. King mwaka 1980, waliliacha bila matundu ya f ili kupunguza huo mluzi. Geuza monita pembeni, punguza masafa ya chini kuanzia 250 Hz kushuka, niache nisogee hatua mbili. Nikiwaomba hivyo mnaniona najua sana.

Fundi, ukisoma huu uzi unajijua. Nataka elfu ishirini yangu na gharama ya kuziba ulichokata. Kuniambia "ungepeleka Dar" si jibu, ulipokea kazi na hela ukasema haina shida.

Wadau, nani anamjua fundi anayeweza kutoa huo mfuniko, kuziba mgongo kwa kipande cha mbao ya tabaka yenye unene uleule, na kulinganisha rangi? Awe Mwanza, Musoma, Bukoba, hata Geita nafika. Kulituma Dar kwa basi kutoka Nyegezi sitaki kusikia, litalazwa kwenye buti chini ya magunia ya dagaa na shingo itavunjika. Nitalileta mwenyewe, na nitakaa hapo hapo nikiangalia mpaka kazi iishe.