Majirani wa Kibokoni

Bi Rukia (dukani): Asalaam alaykum jamani. Mteja yuko hapa na noti ya elfu iliyoandikwa 2024. Uzi wake wa usalama, ule uliopita ndani ya karatasi, haufanani na wa zile za 2019. Niipokee?

Ami Shee: Waalaykum salaam. Usiikatae kwa uzi peke yake. Za 2019 ukiinamisha, uzi watoka wekundu waingia kijani. Za 2024 zilitiwa uzi mpya, kila noti na rangi zake, na sahihi ni za Gavana wa Benki Kuu, Thugge, na Katibu wa Hazina, Kiptoo. Zote halali.

Ami Shee: Anza na vidole. Pitisha ukucha juu ya neno KENYA, lazima pakwaruze. Bandia nyingi ni laini kote. Kisha iinue kwenye mwanga: kichwa cha simba, herufi CBK (Benki Kuu ya Kenya) na thamani. Halafu igeuze nyuma, inamisha, tazama utepe wa dhahabu.

Salma: Simba tena? Elfu si ya ndovu?

Mwl. Omar: Hapo ndipo wengi hukosea, mwanangu. Mnyama aliyechapishwa ndiye abadilikaye: hamsini nyati, mia chui, mia mbili kifaru, mia tano simba, elfu ndovu. Yule wa ndani ya karatasi ni simba kwa noti zote. Ukimtafuta ndovu kwenye mwanga, utairudisha noti halali.

Salma: Na kwa nini sura za marais ziliondolewa?

Mwl. Omar: Katiba ya 2010, kifungu cha 231(4): noti iioneshe Kenya, isiwe na sura ya mtu yeyote. Ndiyo mbele pakawekwa KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi. Sanamu ya Mzee Kenyatta ikaonekana pale, watu wakaenda kortini; Mahakama Kuu ikaitupa kesi Septemba 2019. Nyuma ya noti ndiko kwenye mambo. Hamsini ni kawi: upepo, jua, mvuke wa ardhini. Mia kilimo, mia tano utalii, elfu Bunge. Mimi naipenda mia mbili, imebeba afya, elimu na michezo pamoja.

Bi Rukia: Imekwaruza, simba nimemuona. Kwenye utepe sioni kitu.

Ami Shee: Taa ya dukani haitoshi. Toka nje, hapo barazani, inamisha polepole juani.

Bi Rukia: Naam! 1000 hiyo, yang'aa.

Ami Shee: Ichukue. Na akikupa ya kale yenye sura ya Mzee, hamsini hadi mia tano pokea. Ya elfu usiiguse, mwisho wake ulikuwa 30 Septemba 2019.