Fugwe ya uwele, maabara imetoa hamira: niandike jina gani?

Mgogo wa Maabara:
Wakuu, habari za leo. Nina masuke ya uwele yenye fugwe (ule ugonjwa wa kuvu unaojaza punje unga mweusi) kutoka Kongwa. Punje zilizougua zimevimba kuliko nzima, nyingine bado za kijani, na ukiminya iliyokauka unatoka unga mweusi. Kwenye hadubini spora zimeng'ang'aniana mafungu mafungu, nikaandika Moesziomyces penicillariae, kuvu wa fugwe ya uwele. Kupanda unga kwenye aga (rojo la kuoteshea vimelea), ikaota hamira laini ya rangi ya maziwa. Mfuatano wa ITS, kipande cha DNA cha kutambulia kuvu, umerudi na majina ya Pseudozyma. Msimamizi anasema sampuli imechafuka. Mnaonaje?

Hamira Kavu:
Hiyo sahani usiitupe. Fugwe nyingi zina maisha mawili: ndani ya mmea ni nyuzi, nje zinachipua kama hamira. Pseudozyma lilikuwa jina la hamira ambazo fugwe yake haijaonekana. Mwaka 2015 Wang na wenzake walilinganisha jeni kadhaa, na Pseudozyma antarctica, ile ya kwenye tope la ziwa huko Antaktika, ikahamia Moesziomyces. Jenasi hiyo hiyo ya fugwe yako! GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA, bado imejaa majina ya zamani, maana aliyeweka mfuatano ni nadra arudi kurekebisha.

Ila msimamizi wako ana hoja. Hamira za jamii hii hukaa pia juu ya majani, wala mmea hauugui. Kwa hiyo toa DNA ndani ya punje iliyovimba ambayo haijapasuka, uilinganishe na ya hamira yako herufi kwa herufi. Ongeza kipande cha D1/D2 cha jeni ya LSU, nacho ni cha kutambulia kuvu. Kwa ndugu wa karibu hivyo, ITS peke yake haiamui kesi.

Shamba Darasa:
Kumbe fugwe zote ni ukoo mmoja?

Hamira Kavu:
Hapana. Microbotryum, inayojaza unga kwenye chavulio za maua, vinasaba vimeiweka upande wa kuvu wa kutu ya mimea. Wakati huo huo Malassezia, hamira ya mba kichwani mwako, iko upande wa fugwe ya mahindi. Macho peke yake yasingefika huko.

Mgogo wa Maabara:
Shukrani mkuu. Punje zisizopasuka ninazo kwenye bahasha ya kaki. Nitumie vifaa vya kawaida vya kutolea DNA?

Hamira Kavu:
Saga kwanza kwa shanga za kioo. Ukuta wa spora ni mgumu. Usipovunjika, utasoma DNA ya chochote laini kilichoganda nje.